Msonyo wa Kuazima

Chumba ninachofanyia kazi kilikuwa stoo ya mbolea. Bosi alipokigeuza kuwa studio alipigilia magodoro chakavu kwenye kuta zote, na mengine akayaninginiza darini kwa waya, ili sauti za bodaboda za mtaa wetu wa Msamala zisiingie. Sauti haziingii kweli, ila harufu ya mbolea nayo haikutoka. Dirisha hakuna. Feni ipo lakini haiwashwi kwa sababu inasikika kwenye maiki. Mlango bosi huufunga kwa komeo la nje, maana wateja wanaokuja kujaziwa muvi kwenye flashi wana tabia ya kufungua kila mlango wanaouona. Ukitaka kutoka unagonga. Bosi akiwa na mteja, unasubiri.

Humo ndimo nilimokutana na neno la Kiingereza lililonikosesha raha kwa wiki nzima. Katika maandishi ya chini ya muvi lilikuwa limeandikwa "pshaw". Mdomoni mwa mwanamke aliyelisema lilikuwa pumzi tu, kama mtu anayepuliza unga uliomwagika mezani. Mpaka leo sina uhakika kama ile herufi ya kwanza inatamkwa, na kutokuwa na uhakika na herufi moja kunatosha kuninyima hamu ya kula. Ndivyo nilivyo.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Muvi inakuja na Kiingereza chake. Mtafsiri anavaa spika za masikioni, anasogeza maiki, na kila anayesema kwenye muvi, mtafsiri anamsemea kwa Kiswahili: mwanamume, mwanamke, polisi, mtoto, hata mbwa akibweka kwa maana. Sauti ni moja, watu ni wengi. Ikikamilika inaonyeshwa kwanza kwenye kibanda cha video cha bosi, nyuma ya duka. Watazamaji wakiikubali, inaingizwa kwenye flashi na kuuzwa. Wakiikataa, inafutwa.

Mimi niliajiriwa kujaza flashi. Mtafsiri alikuwa mwanamume mwenye sauti nzito, na mara kwa mara aligonga afunguliwe, akatoa kichwa mlangoni akaniuliza huyu kasema nini, kwa sababu sauti alikuwa nayo na Kiingereza hakuwa nacho. Kisha akaenda Mbeya, hakurudi. Bosi akanitazama mimi.

"Dada, kaa wewe," akasema. "Nakupa muvi moja. Kibanda kikikubali, maiki ni yako. Kikikataa, unarudi kwenye flashi, wala tusinuniane."

Sikuwahi kutaka kitu kama nilivyoitaka ile maiki. Kiingereza sikukipata kwa mwalimu. Kidato cha nne nilifeli, na baada ya hapo nilianza kukisoma popote kilipokuwa kimeandikwa: kwenye mifuko ya mbolea ya bibi, kwenye karatasi zinazokunjwa ndani ya maboksi ya dawa, kwenye redio, kwenye kamusi ya simu. Naweza kukueleza kwa Kiingereza safi namna ya kukuzia mahindi kwa mbolea na madhara ya kuzidisha dawa ya kikohozi. Lakini mtu aliyejifunza peke yake hana wa kumwambia inatosha. Kila sentensi naiandika kichwani, naifuta, naiandika tena, na ninapokuwa tayari kuisema, mtu niliyetaka kumwambia ameshaondoka. Kwenye maiki mtu haondoki. Unaweza kurudia mpaka ikae sawa. Nilidhani nimepata mahali panaponifaa.

Kulikuwa na sababu nyingine. Naishi na bibi, mama yake baba, pembezoni mwa mji kwenye njia ya Namtumbo. Wengine wote wameondoka, mmoja mmoja, kila mmoja akiniambia mimi ndiye nibaki kwa sababu mimi ni mtulivu. Mwenye maiki analipwa kwa kila muvi. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya chumba cha kupanga karibu na kazi, chumba chenye dirisha.

Muvi niliyopewa ilikuwa ya mwanamke kijana anayeishi katika nyumba kubwa ya baba mkwe wake. Mume yuko mbali. Mzee anakaa mbele ya moto na fimbo yake, anauliza, anaamuru, analalamika, na mkwewe anamjibu kwa neno lile. Amwambie chakula kimechelewa, neno lile. Amwambie mwanangu angejua, neno lile. Hakasiriki, hapigi kelele. Anapuliza tu ule unga wake, na kila alichosema mzee kinakuwa kama hakikusemwa.

Mara ya kwanza niliirekodi kwa siku mbili na niliridhika nayo, jambo ambalo hunitokea kwa nadra. Bosi akaionyesha kibandani mchana. Mle ndani hukaa madereva wa bodaboda wanaopumzika, mafundi ujenzi, na vijana wasio na kazi wanaokaa mbele. Mimi nilisimama nyuma karibu na pazia.

Likafika lile tukio la kwanza. Mkwe anaingia sebuleni, mzee anamuuliza kwa ukali alikuwa wapi, na yule mwanamke anamjibu kwa pumzi yake. Sauti yangu ikatoka kwenye spika, taratibu, kwa adabu:

"Shikamoo, baba. Sioni sababu ya kuniuliza hivyo."

Nilisikia mwenyewe wakati ule ule waliposikia wao. Kabla ya hapo sikuwa nimesikia. Nilikuwa nimeirudia sentensi ile mara nyingi sana nikirekebisha neno "sababu", na shikamoo ilikuwa imekaa pale mbele muda wote bila mimi kuiona, kwa kuwa katika maisha yangu sijawahi kuingia mahali alipo mzee nikafungua mdomo bila kuanza nayo.

"Marahaba, mwanangu," akajibu dereva mmoja wa bodaboda kwa sauti ya kizee.

Kibanda kizima kikacheka. Kuanzia hapo, kila mkwe alipoingia sebuleni, watu wote walipaza sauti pamoja, "Marahaba," hata nilipokuwa sijamwamkia. Mmoja akaongeza, "Hujambo mama, mahindi yameota?" Sikumbuki muvi iliishaje. Nilikuwa nimeshika pazia.

Bosi alinisubiri dukani. Ni mtu wa Tunduru, mpole, ndevu zimeanza mvi, na anapokasirika huongea polepole zaidi.

"Dada yangu, wallahi nisaidie kuelewa. Mwanamke anamdharau mkwewe. Umemwona anavyomdharau?"

"Nimeona, bosi."

"Wewe ukamwamkia."

"Sikujua kama nimemwamkia."

"Watu wamecheka, na mtu akicheka hajakataa," akasema bosi. "Rekodi upya sehemu zote za yule mwanamke. Jumamosi tunaionyesha tena. Ila Jumamosi wakimwitikia marahaba, basi."

Nikarudi kwenye magodoro.

Kamusi ya simu ilisema ni neno la kuonyesha dharau, au kutosadiki, au kukosa subira, na kwamba siku hizi halitumiki sana. Kilichonitesa ni ile "au". Nichague ipi? Nilimrudia yule mwanamke tena na tena, nikimsimamisha mdomo ukiwa nusu wazi, na niliona ana vyote vitatu kwa pumzi moja. Halafu niliona jambo jingine. Hamtukani mzee. Hasemi wewe ni mjinga, wewe ni mwongo. Neno halimgusi mtu, linagusa maneno yake tu, linayafagia. Kwa hiyo mzee hana la kushika. Angetukanwa angeweza kulalamika kwa mwanawe. Sasa atalalamika nini, kwamba mkeo amepumua?

Nilijaribu maneno yetu. Nilijaribu "nyoo", nikasikia wanawake wanaogombania foleni bombani. Nilijaribu "ebo", lakini ebo ni ya mkubwa kumshangaa mdogo, yule mwanamke akageuka kuwa mwalimu wa nidhamu. "Wapi" ilikuwa nyepesi. "Thubutu" ilimwalika mzee apigane. "Maneno gani hayo" ilikuwa ndefu, mdomo wa mwanamke ulifunga mimi nikiwa bado njiani. Kila moja nililirekodi, nikalisikiliza, nikalifuta. Kucha za mkono wa kushoto nilikuwa nimeshazimaliza.

Nilijua tangu mwanzo neno ni lipi. Nilikuwa nalizunguka tu, kama mtu anayezunguka nyumba akisingizia anatafuta mlango. Sisi hatulisemi kwa herufi, tunasonya. Meno yanakutana, midomo inabana, hewa inavutwa. Msonyo una dharau, una kutosadiki, una kukosa subira, na hauna neno ambalo mtu anaweza kulibeba kwenda kushtaki. Tofauti niliyoiona ni moja: wao wanaipuliza nje, sisi tunaivuta ndani.

Lakini nyumbani kwetu msonyo una njia yake, na njia hiyo inateremka tu. Mkubwa anamsonya mdogo. Bibi anasonya kuni mbichi, anasonya mbuzi wa jirani, anasonya redio ikitaja bei ya mahindi, ananisonya mimi nikikaa bafuni muda mrefu nikisugua miguu. Wa kwake ni mrefu, unaanza juu, unashuka, unaishia kwa mdomo kupasuka kidogo. Kumsonya mkubwa ni jambo ambalo sijawahi kuliona likitendwa mbele ya macho yangu. Nimesikia watu wakisimulia kwamba fulani alimsonya baba yake, kwa sauti ya chini, kama wanavyosimulia ajali.

Mimi nilikuwa peke yangu ndani ya magodoro. Yule mzee alikuwa picha. Alikuwa Mzungu, tena labda ameshakufa zamani. Na bado mdomo ulikataa.

Bosi alikuja kuona nimefika wapi. Nikamwambia nadhani ni msonyo.

"Sasa si usonye?"

"Haitoki."

"Haitoki vipi? Kusonya hakuna shule. Sonya nisikie."

Nikamtazama. Yeye ni sawa na baba yangu kwa umri. "Siwezi mbele yako, bosi."

"Nimekuruhusu."

"Hata hivyo."

Akageuka, akatazama godoro la ukutani, mikono nyuma. "Haya. Sikuoni."

Nikabana midomo. Kikatoka kitu chembamba, kifupi, chenye unyevu. Mlango bosi alikuwa ameuacha wazi, na upande wa duka mteja akauliza, "Nani anaita paka humo?"

Bosi alitoka bila kugeuka, mabega yakimtikisika. Nilijaribu tena na tena. Ule wa kuita paka ndio uliokuwa bora kuliko yote.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya ile Jumamosi, nilimwambia bibi habari ya chumba. Nilikuwa nimeandaa maneno usiku kucha, nikayapanga vizuri: kwamba si mbali, kwamba nitakuja kila siku ya sala ya jumuiya, kwamba nitamtafutia binti wa kumsaidia. Alikuwa anachambua dagaa, wale wa Nyasa, anatoa mawe madogo.

Bibi huniita mke mwenza. Ni utani wa bibi na mjukuu, tangu nikiwa mdogo, babu akiwa hai.

"Mke mwenza," akasema, macho kwenye ungo, "chumba cha nini? Hiki chako kina nini?"

"Hakina kitu kibaya, bibi. Ni kazi tu."

"Kazi ya kuongea peke yako."

"Ndiyo, bibi."

"Wote wamekwenda. Wewe ndiye utakayenizika. Ukishanizika, panga hata mji mzima." Akapeperusha ungo. "Weka maji ya chai."

Nikaweka maji ya chai. Hakuna hata sentensi moja kati ya zile nilizoandaa iliyotoka. Nilijibu "ndiyo, bibi," nikachochea kuni, na nilipokuwa napuliza moto nilisikia ninavyopumua.

Nilifika kazini, bosi akanifungia. Baada ya muda akagonga kwa nje, akasema anakwenda msikitini, atarudi baada ya swala, niendelee tu. Nikasikia anafunga duka. Sikuwaza wakati ule kwamba duka likifungwa hakuna wa kunisikia nikigonga.

Joto la mle ndani halielezeki kwa mtu asiyelijua. Jua lilikuwa juu ya bati, bati juu ya magodoro, magodoro juu yangu. Chupa ya maji niliimaliza mapema, na baadaye nikajuta kwa sababu nyingine. Niligonga, nikijua kabisa hakuna mtu. Niligonga tena. Kisha nikakaa, nikavaa spika za masikioni, kwa kuwa nikiwa nimezivaa angalau nilikuwa ndani ya nyumba kubwa kuliko hiki chumba.

Nilikuwa nimefika tukio la katikati. Mkwe anataka kwenda mjini kumtafuta mume wake. Amevaa kofia, ameshika mkoba. Mzee hainuki hata kwenye kiti. Anasema, kwa upole, huku akitazama moto, kwamba hatatoka katika nyumba hii mpaka yeye awe kaburini.

Nikamsonya.

Sikubana midomo, sikupanga meno, wala sikukumbuka kwamba ninarekodi. Msonyo ulianza mahali fulani chini ya mbavu, ukapanda, ukakaa, ukashuka taratibu, ukaisha kwa mdomo kupasuka. Ulikuwa mrefu kuliko wa yule mwanamke, yeye alikuwa ameshafika mlangoni mimi bado navuta. Nilivua spika nikatazama nyuma, kana kwamba kuna mtu amesimama kwenye magodoro.

Niliwahi kujidanganya kwamba nilimsonya yule mzee wa kwenye muvi. Nimeacha. Ijumaa ile nilimsonya bibi yangu, ninayempenda, nikiwa nimefungiwa mahali ambapo hakuweza kunisikia. Sina namna nyingine ya kulisema.

Na kwa kuwa mimi ni mimi, jambo la pili nililofanya ni kuusikiliza. Ulikuwa hauna kasoro. Nikaubandika ule mmoja kila mahali palipokuwa na neno lile, mahali pengine nikaukata mfupi, mahali pengine nikauacha mzima. Bosi aliporudi kufungua mlango nilimpita mbio kuelekea chooni, na nilipotoka nilimkuta amevaa spika, amekaa kwenye kiti changu, ameweka mkono kifuani.

"Huyu ni wewe?" akauliza.

Jumamosi kibanda kilijaa, kwa sababu ya habari ya marahaba. Walikuja kucheka. Mkwe alipoingia sebuleni, vijana wa mbele walikuwa wameshavuta pumzi ya kumwitikia. Mzee akauliza ulikuwa wapi. Msonyo ukatoka kwenye spika kubwa mbili, ukapita juu ya vichwa vyao.

Marahaba haikutoka. Fundi mmoja mtu mzima, kofia yenye saruji, alijiweka sawa kwenye benchi kama mtu aliyesonywa yeye.

"Aisee," akasema mtu polepole. "Mzee hapo hana pa kushika."

"Huyo mwanamke simtaki hata kwa bure," akasema mwingine.

"Nani atakupa?"

Walitazama mpaka mwisho. Bosi hakunisubiri dukani, alikuja pale pale kwenye pazia, akaniambia kwa sauti ya kawaida kwamba maiki ni yangu. Nikasema ahsante. Nilikuwa nawaza kwamba katika tukio la tatu msonyo ulichelewa kuanza, mdomo wa mwanamke ulikuwa umeshaachia, na kwamba hakuna aliyeona ila wataona siku moja.

Muvi ile ilitoka kwenye flashi ikaenda Namtumbo, ikaingia kwenye mabasi ya Tunduru. Madereva wa bodaboda walioniitikia marahaba wakaanza kuniita Dada Msonyo. Nikipita kijiweni, mmoja huegemea pikipiki yake na kusema, "Dada, tupe mmoja tu wa asubuhi," na mimi hutabasamu na kuongeza hatua, nikijua kwamba hata wangenilipa usingetoka pale kijiweni. Bosi alianza kunitafutia muvi za aina moja. Mkwe mwenye kiburi, malkia mwenye kiburi, tajiri anayemdharau mpwa wake. Nikamwambia naweza na nyingine, naweza hata za mapenzi, naweza za watoto.

"Najua unaweza," akasema. "Ila wateja wanakuja wananiuliza, ile ya dada anayesonya imetoka? Hawaniulizi nyingine."

Siku moja ya jumuiya wanawake walisali uani kwa bibi. Mimi nilikuwa natoa vikombe. Baada ya sala mmoja wao, jirani yetu wa siku nyingi, akamgeukia bibi akicheka.

"Bibi, juzi tumekwenda msibani Tunduru. Kwenye basi wanaweka muvi, nasikia sauti, nikasema hii naijua. Kumbe mjukuu wako. Anasonya huyo! Anamsonya baba mkwe mpaka huruma."

Wengine wakacheka. "Mtulivu hivi hivi," akasema mmoja. Bibi aliendelea kushika kikombe chake. Walipokwisha kuondoka akaniambia, "Lete hiyo simu."

Nikaketi kwenye mkeka karibu na miguu yake. Nilitafuta tukio fupi, tukio jepesi, vidole vikateleza, ikafunguka pale katikati, kwenye kofia na mkoba. Mzee akasema maneno yake kwa sauti yangu: hutatoka katika nyumba hii mpaka niwe kaburini. Kisha msonyo, wote, mpaka mwisho wake.

Bibi aliitazama simu.

"Huyo mzee kamfanya nini?" akauliza.

"Anamzuia kuondoka, bibi."

"Anamlisha?"

"Anamlisha."

"Anampiga?"

"Hapana, bibi. Hampigi."

"Rudisha."

Nikarudisha. Aliinamisha kichwa karibu na simu, jicho moja limefumba, kama anavyofanya akisikiliza maji kwenye pampu kama yanakuja.

"Huo ni wangu," akasema. "Umeuchukua mzima mzima, mpaka pale mwisho." Akanirudishia simu. "Binti, nenda kaweke vikombe."

Aliniita binti, si mke mwenza. Na hicho ndicho kitu cha mwisho alichonituma kwa muda mrefu.

Sijui kama mtu wa mahali pengine ataelewa. Bibi hakuninunia. Alinijibu salamu, alinipakulia, aliniuliza kama nimelala salama. Ila hakunituma. Maji yakiisha alichukua ndoo mwenyewe. Akitaka kiberiti alimwita jirani kwa sauti juu ya ua, mimi nikiwa nimekaa hatua chache kutoka jikoni. Kwetu mtu asiyetumwa ni mgeni, au ni mtoto mchanga, au ni mtu ambaye wamekata tamaa naye. Nilianza kuamka mapema kuliko yeye nichote maji kabla hajachukua ndoo. Aliyakuta yamejaa, akasema ahsante. Ahsante hiyo ilinichoma. Bibi hajawahi kuniambia ahsante kwa maji.

Hapo ningeweza kuondoka. Kodi ya chumba nilikuwa nayo. Mwenye nyumba alinionyesha dirisha, akalifungua na kulifunga mara kadhaa ili nione linavyofanya kazi. Nikamwambia nitamjibu. Nilikuwa nimesubiri mlango huo ufunguke miaka yote, na sasa ulikuwa wazi kabisa, hakuna aliyeusimamia, na sikuweza kupita. Kuondoka kwa mtu anayekukataza ni jambo moja. Sikujua namna ya kuondoka kwa mtu ambaye hanizuii tena, ananiambia ahsante kwa maji.

Mchana nilisonya wafalme na matajiri ndani ya magodoro. Jioni nilikaa jikoni nikisubiri kutumwa. Nilijaribu kupanga maneno ya kumwomba radhi, lakini nilishindwa kumaliza sentensi ya kwanza, kwa sababu ilibidi iseme nimekusonya, na kulisema hilo mbele yake niliona ni kama kumsonya mara ya pili.

Asubuhi moja nilikuwa nafunga viatu mlangoni. Kulikuwa na baridi, ile ya kwetu ya katikati ya mwaka, na bibi alikuwa amejifunika kitenge mpaka kichwani. Alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu lini.

"Wewe."

"Naam, bibi."

"Huko unakokwenda kusonya wazee wa watu, kuna duka?"

"Lipo, bibi."

"Ukirudi pitia chumvi. Ya mawe. Usiniletee ile laini, inaisha kabla haijafika chunguni."

"Sawa, bibi."

Akaingia ndani. Mimi nilifika barabarani na sikuendelea. Mpaka jioni niliona ni mbali mno. Ningeweza kusahau, duka lingeweza kufunga, yeye angeweza kubadili mawazo. Nikageukia duka la karibu, nikanunua chumvi ya mawe, nikarudi nayo mbio, mtu mzima na mkoba begani, kiatu kimoja hakijafungwa vizuri. Nilikuwa na furaha, na nilijua furaha hiyo ni ya nini na itanigharimu nini. Mwenye nyumba alikuwa bado hajajibiwa, na wakati ule nikikimbia niliona kwamba kwa mwaka huu hatajibiwa.

Nikamkuta bibi jikoni, nikamwekea pakiti juu ya kinu.

"Nilisema ukirudi," akasema.

"Nimesharudi, bibi."

Akaitazama chumvi, akanitazama mimi, akatazama kiatu. Kisha akasonya. Wa kwake mwenyewe, ule mrefu, unaoanza juu na kushuka.

Nikasimama mpaka ukaisha. Halafu nikafunga kiatu, nikaenda kazini kufungiwa.